Tope Kwenye Sweta

Haya yalimkuta jirani yangu hapa Adelaide, Australia, aitwaye Bronwyn. Mama yake alifia makao ya wazee, na Bronwyn alikuwa hajakanyaga huko miezi minane. Urithi aliochukua ni chungu kimoja cha maua.

Kila asubuhi aliumwagia mmea maji yote aliyokinga kwa ndoo bafuni akioga, kwa kuwa huku kwetu kwenye ukame kumwaga maji ni dhambi.

"Unauozesha, bibie," nikamwambia. "Chomeka kidole kwanza, usikie kama udongo umekauka."

"Mimi? Huo ni uchafu wa Mama. Alikuwa akishachomeka, anajifutia kwenye nguo yangu! Nilikuwa namchukia kwa hilo."

Marehemu hana wa kumtetea.

Jioni moja ya Julai umeme ulikatika, akabaki peke yake gizani, mlango kaufunga. Akasikia dirishani, penye chungu: *chwup*. Kitu kilizama topeni taratibu, kikachomolewa. Kisha kimya.

Umeme uliporudi, aliona tundu la kidole katikati ya udongo. Na kwenye mkono wa sweta aliyoivaa, alama moja ya kidole kilichofutwa tope, bado mbichi.