Chupa ya Esanse Nyuma ya Mlango

Ting. Ting.

Kijiko kiligonga kikombe cha bati gizani, upande wa pili wa pazia. Mwavita akafumbua macho. Hiyo ndiyo alama waliyopatana tangu mama mkwe wake, Mama Jamila, avunjike mkono: akitaka maji ya kutawadha alfajiri, agonge kikombe.

"Niko nakuja, Mama."

"Polepole, mutoto yangu. Usimuamshe mume wako."

Mutoto yangu. Afadhali angemtukana.

Mwavita alimkalisha kwenye kigoda uani, akammiminia maji kidogo kidogo. Mkono wa kushoto aliuosha mpaka kwenye kiwiko. Wa kuume, uliofungwa plasta, aliupangusa juu juu kwa kiganja chenye maji.

"Mungu akulipe," Mama Jamila alisema. "Majirani wananiuliza, huyu mukamwana ulimutoa wapi? Mi nawaambia, tafuteni wenu."

"Amina, Mama," Mwavita alijibu.

Nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na ufagio, kulikuwa na chupa imefungwa kitambaa. Alijua iko pale bila kugeuka.

Hapa Kindu, ukitaka kuomba gari ya mtu huendi mikono mitupu. Unabeba chupa ya esanse, yaani petroli, hata ndogo, ili mwenye gari asiseme umekuja kumnywea mafuta. Lakini gari ya Mwavita haikunywa esanse. Ilikuwa gari ndogo nyeupe ya umeme, iliyokuja kwa treni kutoka kusini ikiwa imefunikwa turubai. Aliinunua baada ya kuuza shamba aliloachiwa na baba yake ng'ambo ya mto, Alunguli. Hakuwahi kuwa na kitu kingine chenye jina lake kwenye karatasi.

Siku ya kwanza aliposhika usukani alibonyeza kitufe, akangoja ngurumo. Kimya.

"Haijawaka," alimwambia Bulaimu, mume wake.

"Imewaka. Kanyaga."

"Nikanyage nini, na haijawaka?"

Akakanyaga. Gari ikachomoka kama paka aliyemwagiwa maji, ikapita na kamba ya nguo, na shuka la jirani likaenda nao mpaka barabarani. Bulaimu alicheka hadi akafuta machozi. Na kwa kuwa watu hawakuisikia ikija, alifunga kengele ya baiskeli kwenye kiti cha nyuma, akampa Safi, binti yao wa miaka minne, kazi ya kuipiga. Safi alikuwa na kazi nyingine pia: kusoma rangi ya kile kipicha cha betri mbele ya usukani. Kijani, imeshiba. Njano, ina njaa. Nyekundu, hatutoki. Paneli za jua zilizokuwa juu ya bati zilichukua muda kuishibisha, hasa siku za mawingu, na ndiyo maana kila safari ilipangwa kama karamu.

Jumamosi moja Bulaimu alituma ujumbe kutoka kazini:

"Jioni vaa ile kitenge ya bulu. Safi abaki kwa jirani. Mi na wewe tu, samaki kule mtoni. Tangu tuzae hatujakaa wawili."

Mwavita aliusoma, akacheka peke yake, akaenda kuchungulia betri. Kijani. Alikuwa anapiga pasi kitenge mama mkwe wake alipobisha hodi, chupa mkononi.

"Mukamwana, nimekuja kuomba gari. Binti ya dada yangu amezaa, leo njo wanamupatia mutoto jina. Jina yangu mwenyewe, Mwavita: Jamila. Katika ukoo wote hakuna mutoto aliyewahi kuitwa Jamila kwa heshima yangu."

"Ni wapi, Mama?"

"Kule mbele, barabara ya Kailo. Nimeleta esanse. Safi kabisa, si ile ya kuchanganya."

"Mama, hii gari haikunywi esanse."

"Ee? Inakunywa nini?"

"Jua."

Mama Jamila akacheka mpaka akashika mlango. "Basi nimeipita hapo inje imelala kwenye jua tangu asubuhi. Imeshalewa."

Mwavita aliitazama pasi. Akakitazama kitenge. Barabara ya Kailo, kwenda na kurudi, na jioni yao wawili ingekwisha hapo.

"Hapana, Mama. Batri imeisha." Maneno yalitoka yenyewe. "Pole."

"Hakuna neno. Nitapanda pikipiki."

"Basi beba chupa yako."

"Nimeileta kwa mutoto wangu, nitairudisha namna gani? Weka."

Akaenda. Mwavita alimaliza kupiga pasi, na kitenge kikatoka na mkunjo ambao haukuwepo mwanzo.

Simu ililia akiwa ameshavaa. Bulaimu ndiyo kwanza alikuwa anaingia, akaipokea yeye.

"Baba Safi, ni Musafiri wa pikipiki. Usiogope. Tumeanguka kwenye mchanga, mi na mama yako. Mi niko muzima. Yeye ni mukono."

Walikimbilia gari, na Safi alikuwa ameshaingia nyuma kabla mtu hajamkataza. Walimkuta Mama Jamila ameketi kando ya barabara, kilemba kimejaa vumbi, mkono ameukumbatia kama mtoto mchanga. Bulaimu alimbeba, akamlaza kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwake. Mwavita akakanyaga. Gari ikaondoka bila sauti. Safi akachungulia mbele, kama alivyofundishwa.

"Baba, kijani."

Katika kioo, macho ya Mwavita yalikutana na ya mama mkwe wake. Mama Jamila alikitazama kile kipicha cha betri. Kisha akafumba macho. Hakusema kitu, si siku ile, si siku zilizofuata, hata alipoletwa hapa nyumbani kuuguzwa.

Aliyesema ni Bulaimu. Siku gari ilipofika alikuwa ametamba mbele ya jamaa wote: "Hii si gari ya kubeba ukoo muzima. Muntu asije kuombaomba hapa." Alikuwa anafanya mzaha, lakini sasa mzaha ule ulimrudia.

"Ni mudomo yangu," alimwambia Mwavita kila jioni. "Mama yangu muzazi aliogopa kuniomba. Akapanda pikipiki, na gari ya mutoto wake iko imeshiba hapa."

"Usijilaumu, Baba Safi."

"Nimulaumu nani?"

Hapo ndipo Mwavita alipofungua mdomo, na hapo ndipo alipoufunga, jioni baada ya jioni. Bulaimu aliacha kupanda gari. Chakula alikigusa tu. Alikonda mbele ya macho yake kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Asubuhi ile ile ya maji ya udhu, mvua ilikuwa inanyesha Bulaimu alipoingia na mgeni. Alikuwa Kasimu, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu.

"Shemeji, nimesikia munauza ile bubu," Kasimu alisema huku akikung'uta viatu.

Mwavita alimgeukia mume wake. "Tunauza?"

"Gari ni yako, karatasi ni yako," Bulaimu alisema, macho chini. "Siwezi kukulazimisha. Naomba tu. Kila nikiiona naona mama yangu kwenye mchanga. Mwavita, siwezi kulala na ile kitu hapo inje."

"Mi sina haraka," Kasimu aliingilia. "Ila muniambie ukweli, inapanda mulima?"

Bulaimu alichukua ufagio ili apanguse matope mlangoni, na chupa ikaanguka, ikabingirika mpaka miguuni pa Kasimu. Kitambaa kikafunguka. Harufu ikajaa jikoni.

"Esanse?" Kasimu alicheka. "Kwa nyumba ya gari ya umeme? Nani alikuja kuomba gari na esanse?"

Bulaimu hakucheka. Aliinama, akaokota kile kitambaa. Kilikuwa kipande cha kanga ya mama yake. Alikijua tangu utotoni.

"Mama," alisema taratibu, "ulikuja hapa?"

Kutoka kwenye mkeka wake, Mama Jamila alijibu bila kuinua kichwa. "Nilikuja. Sikukuta muntu. Nikaacha chupa."

"Hukukuta muntu?"

"Si nimesema? Mulikuwa mumetoka. Wacha kunihoji kama polisi, mukono inaniuma."

Mlango wa kuponyoka ulikuwa umefunguliwa mbele ya Mwavita, mpana, na aliyeufungua ni yule yule ambaye yeye alimdanganya. Kilichobaki ni kunyamaza tu, kama alivyonyamaza siku zote.

"Alinikuta," alisema.

"Mwavita," Mama Jamila alisema kwa sauti ya chini. "Wacha."

"Alinikuta, Baba Safi. Aliniomba gari. Nikamwambia batri imeisha, na ilikuwa kijani. Nilikuwa nakutunzia wewe. Ile safari yetu ya mtoni."

Kasimu alijikohoza. "Mi nitapita siku ingine," akasema, akachukua mwavuli wake.

Mvua iliendelea kugonga bati. Bulaimu alikuwa bado ameshika kile kitambaa.

"Uliniona," alisema mwishowe. "Kila jioni uliniona naomba Mama musamaha kwa kitu sikufanya. Ulinipakulia chakula. Ukaniambia nisijilaumu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mi njo muntu wa kuogopwa?"

"Niliogopa usinitazame tena vile ulikuwa unanitazama."

Bulaimu akatoka mvua ikinyesha. Hata koti hakuchukua.

Mwavita alikaa chini pale pale kwenye matope ya viatu vya Kasimu. Alilia bila sauti, asimtishe Safi.

"Ulijua, Mama."

"Mutoto alisema kijani. Mi si kipofu."

"Na ukanifichia."

"Nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Ile njia yote ya hospitali nilikuwa natafuta neno ya kukupiga nayo." Mama Jamila alivuta pumzi. "Halafu nikaona kitenge. Umevaa ile bulu, umejipaka wanja. Nikajua ulikuwa unamungojea mutoto wangu. Mi pia niliwahi kumungojea baba yake. Lakini ungesema tu, Mwavita. Ungesema, Mama, leo tunatoka na mume wangu. Ningecheka, nikarudi."

Hilo lilimuuma kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa rahisi hivyo.

Mchana ujumbe wa kwanza uliingia.

"Niko kwa Musafiri. Usinipigie."

Hakupiga. Alipika sombe ya majani ya muhogo, akamlisha Mama, akamlisha Safi, akafunika sahani ya tatu. Jioni simu ikatetemeka tena.

"Umekula?"

Aliangalia lile neno mpaka herufi zikawa na ukungu. Akaandika, "Bado."

"Kula. Nakuja."

Alirudi kabla ya Isha, amelowa, amekaa kimya. Walikula sahani moja. Alipokuwa ananawa alisema bila kumtazama, "Bado inaniuma."

"Najua."

"Itaniuma muda. Usinibembeleze. Ila usinidanganye tena, hata kwa kunipenda."

"Sitakudanganya."

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Mama Jamila alitoka chumbani amefunga kilemba kipya, mkono wake wa plasta umefungwa kwa kanga shingoni.

"Mukamwana, wakina binti ya dada yangu wamesema mutoto anacheka sasa. Namutaka huyo Jamila. Nipeleke. Batri iko?"

Mwavita alikuwa ametoka kuiangalia. Mvua ya jana nzima, mawingu, na yeye mwenyewe siku ya nyuma alikuwa amezunguka sokoni. Nani angemwamini leo?

"Mama," alisema, "leo haiko. Ni nyekundu. Wallahi ni nyekundu."

Bulaimu aliweka kikombe chini, akainuka, akaelekea nje kwenye gari. Mwavita hakumlaumu. Angekuwa yeye, angekwenda kuangalia pia.

"Unaenda wapi?" Mama Jamila aliuliza.

"Kuangalia tu."

"Kuangalia nini? Amesema nyekundu. Kaa."

Bulaimu alisimama kizingitini. Gari ilikuwa hatua chache tu mbele yake, nyeupe, imejaa matone. Alimtazama mama yake. Halafu akamtazama mke wake, kwa mara ya kwanza tangu jana, akamtazama sana. Akarudi, akakaa karibu yake kwenye mkeka.

"Basi tungojee jua," alisema.

Wakangoja. Mawingu yalifunguka polepole juu ya mto Lualaba. Mama Jamila aliwasimulia jinsi baba yake Bulaimu alivyomwendesha kwa baiskeli siku ya harusi, wakaingia shimoni wote wawili. Mwavita akaleta chai. Mkono wa Bulaimu ulipapasa mkeka, ukaupata wa mke wake, ukabaki hapo. Safi alikuwa ameketi ndani ya gari peke yake, pua karibu na usukani, akilinda kile kipicha kana kwamba ni maziwa jikoni.

Jua lilikuwa limepita utosi Safi aliporudi mbio ndani, akasimama mbele ya bibi yake, akatulia kwanza ili aseme vizuri.

"Koko, gari imeshiba."