Ukuta wa Chumba cha Watoto

Senge wangu Nasambu, dada yake baba, alikuwa mtu wa usafi. Ukimtembelea, kikombe ulichopewa kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa. Ndiyo sababu nikamwamini aliponisimulia haya, kwa maana hakuna kilichomwaibisha kama kuyasema.

Mwaka wa 1951 mumewe, Wepukhulu, alipata kazi ya ukarani katika ghala la mahindi karibu na stesheni ya Kitale. Siku hizo Mwafrika hakupata nyumba ya ghorofa mjini hivi hivi. Lakini mzee Vithaldas, muuza vitambaa, alikuwa na vyumba vitatu juu ya duka lake, vilivyojengwa wakati reli ilipofika na vikakaa vitupu tangu kabla ya vita. Aliwaambia wahamie, mradi wavitengeneze wenyewe. Ufunguo aliwapa akiwa amesimama barabarani. Ngazi hakupanda.

Walitoka Ndalu Jumamosi moja kwa gari la ng'ombe, pamoja na Lenah wa miaka mitano na Bramwel wa miezi minne. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za furaha. Wepukhulu alipiga msasa mbao za sakafu mpaka zikarudi rangi ya asali. Nasambu alikwangua masizi jikoni, akashona mapazia ya maua, akasugua vioo vya madirisha kwa gazeti. Alisema kuna siku alisimama katikati ya sebule, jua limeingia mpaka miguuni pake, akawaza kwamba hapa ndipo watoto wake watakapokulia.

Chumba cha nyuma ndicho kilichomshinda, kile alichowatengea watoto. Ukuta mmoja haukushika chokaa. Akipaka asubuhi, saa saba chokaa imefanya malengelenge, na malengelenge yakipasuka yanatoa maji mazito ya manjano. Alipaka mara tatu. Kisha kukawa na harufu, kama maziwa yaliyochachia kwenye nguo, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Ilimwingia kwenye nywele. Alianza kuisikia hata kwenye chai.

Akamwita Mathenge, fundi wa mawe aliyekuwa na sifa nzuri pale mjini, abomoe lipu yote apige mpya.

Mathenge alianza kwa tindo na nyundo. Baada ya dakika chache nyundo ikanyamaza. Nasambu alipoingia alimkuta ameweka tindo chini, anachimba kwa vidole. Nyuma ya ganda jembamba la chokaa hapakuwa na lipu. Palikuwa na kitu cha kijivu, laini kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, unene wa vidole vinne, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua cha mwanamke. Kilikuwa kimebandikwa kwa mkono. Alama za vidole zilionekana, safu juu ya safu.

Mathenge alivunja kipande akakitazama kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na punje za wali, nyuzi za nyama, ngozi za maharagwe.

"Mama," alisema polepole, "hii si lipu. Hii ni chakula. Imetafunwa."

Halafu akatapika dirishani.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi. Alikwangua yote, akajaza makarai kumi na moja, akayamwaga kwenye shimo la takataka nyuma ya jengo, na Nasambu akasema nzi hawakukaribia shimo lile. Mawe yalipobaki wazi, katikati ya mawili palionekana tundu la kutosha ngumi. Kingo zake zilikuwa laini, zimelika, zina unyevu. Mathenge alilishindilia simiti, akapiga lipu mpya, akanawa mikono kwa mafuta ya taa mpaka viwiko. Nasambu alipomwomba arudi apake chokaa, alisema atatuma mtu. Hakutuma.

Wepukhulu alipaka mwenyewe, na safari hii chokaa ilishika. Kitanda cha watoto kikawekwa pale. Harufu iliisha.

Baada ya mwezi Lenah alianza kukonda. Sahani yake ilikuwa inarudi tupu kila mara, lakini mbavu zilihesabika na macho yalikuwa yameingia ndani. Nasambu alimpa dawa ya minyoo. Haikusaidia.

Siku moja ya Jumapili, saa saba mchana, wametoka kanisani, Nasambu aliamua kumtazama akila. Mtoto alitafuna maharagwe yake vizuri, kwa bidii kabisa. Hakumeza. Mashavu yalivimba. Alipodhani mama anatazama kwingine, aliteremka kitini akaenda chumba cha nyuma.

Nasambu alimfuata bila viatu.

Lenah alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Alitema kwenye kiganja, akakandika ukutani kwa vidole vitatu, taratibu, kama anayelisha mgonjwa. Chokaa pale ilikuwa imelowa duara. Uji ule wa maharagwe haukuanguka. Uliingia. Ukuta ulikunjamana kidogo, ukanyooka.

"Unafanya nini?" Nasambu alinong'ona.

"Namtafunia, mayi. Hana meno."

Nasambu aliniambia kwamba hakupiga kelele. Alimfuta mtoto mkono kwa kanga, kisha akaitupa kanga.

Jeruto, mwanamke wa kijiji cha Kwanza aliyewaletea maziwa kila asubuhi, ndiye aliyemweleza kesho yake. Hakutaka. Nasambu alimkalisha jikoni mpaka akasema. Mama yake Jeruto ndiye aliyekuwa akipeleka maziwa pale zamani, kwa mke wa karani mmoja wa reli, watu waliotoka mbali. Mke yule wa karani alizaa mtoto ndani ya vyumba vile. Watu walimsikia mtoto akilia siku chache, halafu kimya. Hakuna aliyeona maiti ikitolewa. Hakuna aliyemwona mtoto tena.

"Lakini maziwa ya mtoto alinunua kila siku," Jeruto alisema, akitazama mlango wa nyuma. "Miaka tisa, mama. Maziwa ya mtoto mchanga."

Wepukhulu alirudi kula chakula cha mchana, akaambiwa yote. Alikuwa msomi, mtu wa kanisa, na alikasirika. Alikwenda akaweka kiganja chake juu ya lile duara lililolowa, amwonyeshe mkewe kwamba ni unyevu wa kawaida. Alikaa hivyo kitambo. Kisha uso wake ukabadilika. Alipouvuta mkono ulitoka kwa sauti, kama titi linapotoka mdomoni mwa mtoto. Kiganja kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama kilichoroweshwa siku nzima, na kinachuruzika mate.

"Funga vitu," alisema.

Walifunga walivyoweza. Lenah alipelekwa chini barabarani akae na Jeruto. Wepukhulu alibeba sanduku. Nasambu alikuwa jikoni, anafunga vyombo ndani ya shuka, alipokumbuka kwamba katika pilikapilika ile Bramwel alikuwa amelazwa kitandani. Kitanda kile.

Alikimbia.

Mtoto alikuwa amebingirika mpaka ukutani. Uso umebanwa kwenye chokaa. Mdomo umefunguka, umeshika pale palipolowa. Koo lilikuwa linapanda na kushuka.

Hakuwa akinyonywa. Alikuwa akimeza.

Nasambu alimng'oa. Alimtia kidole mdomoni akatoa donge la kijivu, la vuguvugu, lenye utelezi, na nyuma yake donge jingine. Alitoa manne. Mengine yalikuwa yameshapita.

Walilala Bungoma kwa mama yake Wepukhulu, kukhu Nakhungu, bibi wa watoto. Lenah alianza kula siku ya pili, mwili wake ukarudi. Kuhusu ule ukuta hakukumbuka chochote, na hakuna aliyemkumbusha. Bramwel hakuugua hata kidogo. Alinenepa.

Kukhu ndiye aliyekuwa akifua nepi zake, kwa kuwa Nasambu hakuweza kuzishika bila kutapika. Siku ya tatu alimwita nyuma ya nyumba, karibu na karai la kufulia. Alikuwa ametandaza kitambaa cheupe juu ya jiwe. Juu yake palikuwa na vitu vidogo vya manjano alivyovitoa kwenye nepi, vimeoshwa, vimepangwa kwa uangalifu. Nasambu alidhani ni magamba ya samaki. Akainama.

Zilikuwa kucha. Kucha za mtoto mchanga, ndogo kuliko za Bramwel, na Bramwel alikuwa na zake zote vidoleni.

Kukhu alikuwa amezihesabu. Zilikuwa kumi, za mikono tu. Alikunja kitambaa pembe nne, akakishika kwa viganja viwili, akamuuliza mkwewe kwa sauti ya chini:

"Huyu mwingine tumzike kwa jina gani?"