Bwawa la Mhandisi Chepchumba

"Kijito, hapa Mlima. Maji yamechemka. Narudia, maji yamechemka."

Ooko alibonyeza kitufe cha redio yake ya Motorola bila kuondoa macho barabarani.

"Nimekupata, Mlima."

Maana yake ilikuwa moja. Usingoje polisi.

Saa tatu na nusu asubuhi. Hilux nyeupe ilikuwa mbele yake kama mita mia nne, ikipandisha kuelekea Kimulot, vumbi jekundu likitimka nyuma yake. Peugeot 504 ya Ooko ilikohoa. Ooko naye akakohoa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na siku tatu zilikuwa zimepita bila mgongo wake kugusa kitanda. Goti la kushoto lilimchoma kila alipokanyaga klachi.

Pande zote mbili chai ilikuwa imeungua kwa jua. Mwaka huo wa tisini na tisa mvua ilikataa. Mabwawa makubwa ya nchi yalishuka, umeme ukawa wa kukatwakatwa, na wakubwa Nairobi wakaanza kuulizana: tujenge kinu cha nyuklia, au tuendelee na maji, upepo na mvuke wa ardhini?

Swali zuri. Watu wenye akili walikuwa wakilibishania kwa miezi.

Kisha akaja Brenner, mgeni mwenye kampuni ya kuuza vinu. Ndiye aliyekuwa ndani ya ile Hilux.

"Ni mimi nilimwandikia barua," alisema mtu aliyeketi kando ya Ooko. "Mzee, ni mimi."

Huyo alikuwa Daktari Weldon, mwanafizikia, mzaliwa wa Kapkatet. Saa nne asubuhi hiyo alitakiwa kusimama mbele ya ujumbe wa serikali, kwenye kiwanda cha chai juu ya mto Itare, na kutetea nyuklia. Badala yake, alfajiri alikuwa amepiga simu idara ya ujasusi, kwa watu wa Ooko.

"Rudia polepole," Ooko alisema.

"Aliniambia anataka kufunga kipima maji kwa bwawa la Mhandisi Chepchumba. Ati tulinganishe hesabu zetu na zake. Nikampa barua ya kumtambulisha. Chepchumba tulisoma pamoja, akamruhusu. Jana wakafunga. Usiku nikaona michoro yake hotelini." Weldon alimgeukia Ooko. "Si kipima maji. Ni baruti, na ina erio ya redio ya kuilipua kutoka mbali."

"Na bwawa limejaa?"

"Chepchumba amekusanya maji wiki tatu, ndio leo awashe mashine za umeme mbele ya wageni. Chini ya ukuta kuna laini za nyumba za wafanyakazi. Familia kama hamsini."

Ooko aliingiza gia ya pili.

"Tuwaambie watoke?" akauliza.

"Akiona watu wanakimbia atabonyeza."

Barabara iligawanyika. Kushoto, kiwandani na bwawani. Kulia, kilima kinachotazamana na bwawa. Hilux ilikata kulia.

Weldon alishika mkono wa mlango. "Nishushe hapa. Redio haipiti kwa chuma. Makasha ya chai kiwandani yana foili ndani. Nikiifunga hiyo kitu na foili vizuri, haitasikia."

"Una hakika?"

"Fizikia ina hakika. Mimi naogopa."

Ooko akasimamisha gari. "Chukua Motorola ya pili."

"Hapana. Usitumie redio karibu na ile kitu hata kidogo. Tukimaliza, Chepchumba atapiga king'ora cha kiwanda."

Akashuka, akakimbia kupitia katikati ya michai, koti la suti likishika matawi.

Ooko alimtazama sekunde mbili tu.

Kisha akapanda kilima.

Hilux ilikuwa imeegeshwa juu kabisa. Brenner alisimama kando yake, mtu mwembamba mwenye kofia ya turubai. Mbele yake, juu ya boneti, kijisanduku cheusi chenye erio ndefu. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Simama hapo," alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi. Alikuwa ameishi Afrika miaka ishirini.

Ooko alikuwa na bastola yake ya Browning mkononi. Mita thelathini. Angeweza kumpata. Lakini mtu aliyepigwa risasi hukaza mkono.

Akaishusha.

"Mbona hujabonyeza?"

"Wageni wako njiani. Nataka wawe varandani waone kwa macho yao."

"Na watu wa chini?"

Brenner aliinua bega. "Nchi hii itakaa gizani miaka hamsini kwa sababu ya vibwawa kama hiki. Watakufa wangapi katika hilo giza? Hospitali bila umeme. Umewahi kuhesabu?"

Ooko aliketi juu ya jiwe. Goti lilikuwa limekataa kabisa.

"Huenda uko sahihi kuhusu nyuklia," alisema. "Mimi sijui. Sikusoma mambo hayo."

"Basi niache nifanye kazi."

"Ungeenda ukaseme huko kiwandani kama wengine."

"Wanasema tu. Hawaamui."

Huko chini, mama mmoja alikuwa akianika nguo mbele ya nyumba yake. Shuka moja, nyingine. Ooko alimhesabia shuka. Hakuona mtu kwenye ukuta wa bwawa. Hakujua kama Weldon amefika, ameanguka, au ametoroka.

Magari matatu yakaingia uani mwa kiwanda. Watu wenye tai wakapanda varanda.

Brenner alitabasamu.

King'ora kikalia.

Kililia kwa sauti ndefu, bonde zima. Brenner alifikiri ni cha kukaribisha wageni. Akabonyeza.

Mama yule akaanika shuka nyingine.

Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu, uso ukibadilika rangi.

Ooko aliinuka taratibu, Browning mbele.

"Weka chini," alisema. "Nimechoka sana. Usinifanye nikimbie."

Brenner akaweka chini.

Saa tano kasorobo, polisi kutoka Sotik walikuwa wamemchukua, na mtaalamu wa jeshi alikuwa akiteremsha lile furushi la foili kutoka ukutani. Mhandisi Chepchumba alisimama katika ukumbi wa kiwanda, mikono imechanika kwa misumari ya makasha. Weldon alisimama mkabala naye.

"Bado naamini nyuklia," Weldon aliwaambia wageni. "Mvua ikikataa tena, huyu dada atawasha nini?"

"Nitawasha kidogo," Chepchumba alijibu. "Lakini maji yangu yakimwagika, yule atakayeokoka atarudi kwake jioni. Ya kinu chako yakimwagika, Weldon, atarudi lini?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja wa wageni aliandika kitu.

Mlangoni, Ooko alikuwa anasinzia akiwa amesimama. Motorola ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Nyamoita, mkubwa wake.

"Kijito, ile barua ya utambulisho. Mwandishi wake uko naye?"

"Niko naye, Mlima. Acha amalize kuongea."

Weldon alimaliza. Akakusanya karatasi zake, akaja mlangoni bila kuitwa, akanyoosha mikono yote miwili.

Ooko hakutoa pingu. Alimfungulia mlango wa mbele wa Peugeot.

Waliteremka hadi daraja la Itare.

"Mzee, wewe ungechagua nini, nyuklia au maji?" Weldon akauliza.

"Mimi?" Ooko alibadilisha gia, akakunja uso kwa maumivu. "Ningechagua kulala."