Mteja wa Vuli

Kwa dobi, nguo isiyokauka si habari. Habari ni nguo inayokauka wakati zote zimegoma.

Mvua za vuli watu wanazijua: zinakuja, zinapiga kelele, zinaondoka. Za mwaka ule zilikuja na godoro. Ziwa likapanda, likameza soko la samaki, likameza stendi, halafu likaanza kupanda barabara ya chini nyumba kwa nyumba, taratibu, kama mgeni anayesogeza kiti karibu na sufuria.

Kibandani kwa Mama Pasi kamba zilijaa nguo mbichi mpaka huoni ukuta. Mama Pasi hakuwa mama wa mtu. Jina lilitokana na pasi ya mkaa aliyoachiwa na marehemu mama yake, pamoja na kibanda, pamoja na mdogo wake wa kiume. Huyo mdogo alimlea toka ananyonya kidole mpaka kaota ndevu. Mtaa mzima ulimwita Pamba, maana kila Jumamosi alipiga pamba mpya, na kila pamba ilikuwa ya mteja.

"We Pamba, hilo si shati la mwalimu?"

"Mwalimu ana mabega ya kulivaa? Namsaidia tu."

Dobi kuvaa nguo za watu, hiyo siyo siri. Ila Mama Pasi alikuwa na utaratibu wake. Kila nguo ikiingia aliitia uzi ndani ya kola, kila mteja na rangi yake, zisichanganyike. Chenye uzi kina mwenyewe, mama yao alikuwa akisema. Kwa hiyo Pamba akitaka kuazima, dada mtu anakata uzi kwanza. Nguo ikirudi inafuliwa, inatiwa uzi upya. Hapo katikati haina mwenyewe. Ndivyo walivyojidanganya, na miaka yote ilikubali.

Asubuhi moja Pamba akaingia mbio, maji yanamchuruzika puani.

"Dada, nimekuletea mteja!"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Mkononi kashika shati jeupe, zito kwa maji. Mwenye shati alibaki nje, katikati ya mvua, mwanaume mrefu, hana mwavuli, hata kujikunyata hajikunyati. Matone yakimpiga hayakuruka. Yalizama tu, kama yanazama mchangani.

"Mwambie aingie basi, atalowa."

"Nimemwambia. Anasema kashalowa."

Wakacheka wote wawili. Mama Pasi akatia uzi wa buluu kwenye kola, akalifua, akalikamua, akalianika mwisho wa kamba. Akageuka kupepea mkaa. Alipogeuka tena, shati limekauka.

Siyo lile la kudanganya, kavu juu bichi kwenye mshono. Limekauka kabisa, vuguvugu, kama jua limeingia ndani kwa ajili yake peke yake na kutoka. Akalinusa. Lilinuka matope ya chini kabisa ya ziwa, kule nanga zinakokwama.

"Dada, nipe hilo."

"Mwenyewe kalileta leo leo, wewe!"

"Mchana naonana na bosi wa kivuko. Nguo zangu zote zina ukungu. Nikienda nanuka kama mbwa wa mvua, nani atanipa kazi? Dada yangu, mara moja tu."

Mama Pasi akamtazama. Miaka mingapi anaomba huyu mtoto apate kazi yake, avae nguo yake? Akatafuta mkasi. Mkasi uko chini ya rundo la mashuka, na muda unakimbia. Akasema moyoni, ah, mara moja tu.

"Vaa. Usilichafue."

Uzi hakuukata.

Pamba hajafika mbali, Mama Pasi akasikia hatua mlangoni. Chup. Chup. Kama mtu anatembea na viatu vimejaa maji, kumbe hana viatu. Yule mteja alisimama kizingitini, na sakafu ikaanza kuloa kutoka alipo yeye kuja ndani.

"Shati langu."

Ulimi wa dobi una jibu moja kwa maswali yote. "Halijakauka, kaka. Mvua si unaiona mwenyewe. Njoo kesho."

Yule mtu akatazama mwisho wa kamba, pale pasipo na kitu. Akatabasamu, kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.

"Sawa. Nitalifuata likikauka."

Jioni Pamba akarudi anaruka. "Nimepata, Dada! Nimepata kazi! Ila bosi kaniambia nikae mbali na meza, eti namlowanishia karatasi."

Mama Pasi hakushangilia. Alikuwa anatazama mwavuli mkononi mwa mdogo wake, halafu mikono ya shati inayotiririka kama bomba bovu.

"Vua."

Vifungo vilifunguka. Shati halikufunguka. Lilikuwa limemganda, na alipolivuta ilivutika na ngozi, Pamba akaguna. Dada mtu akamgeuza, akainua kola aone kimekwama nini. Ule uzi wa buluu haukuwa tena kwenye kola. Ulikuwa kwenye kisogo cha mdogo wake, umeingia nyamani na kutoka, mshono wa msalaba, mshono wake mwenyewe.

"Kuna nini, Dada?"

"Hakuna kitu, mdogo wangu. Kaa hapo karibu na mkaa."

Kesho yake kinyozi, jirani yao wa mlango wa pili, ndiye aliyemleta mganga wa majini. Jamaa kaja na buti za mpira na mkoba, anajiamini kama fundi umeme. Akafukiza ubani. Moshi ukapanda vizuri, ulipofika alipokaa Pamba ukalala chini, ukatambaa kurudi mlangoni. Mganga akainama, akatazama kisogo. Akaanza kuvaa buti zake.

"Umemaliza?" Mama Pasi akauliza.

"Hata sijaanza. Jini likiingia kwa mtu nalijua mimi, nalipigia kelele linatoka. Huyu hajaingia kwa mtu, mama. Huyu kaleta nguo yake." Akashusha sauti. "Huyu ni mteja."

"Basi kata huo uzi!"

"Ukate wewe uliyeutia."

Mama Pasi akachukua mkasi. Ncha ilipogusa uzi tu Pamba alipiga ukelele ambao kinyozi aliusikia mpaka kwake, na pale kwenye mshono haikutoka damu, yalitoka maji, ya baridi, na kidagaa kimoja kikaanguka sakafuni kinarukaruka.

Mganga alishafika mlangoni. "Alipokuja kulichukua ulimwambiaje?" akanong'ona.

"Nilimwambia halijakauka."

"Basi omba lisikauke." Akatoka, mkoba kauacha.

Toka hapo mji mzima ukawa unaomba jua, na mwanamke mmoja anaomba mvua. Kila mchana chup, chup, chup, mpaka kizingitini. "Limekauka?" "Bado, kaka." "Sawa." Na kila mara anaondoka bila hasira, mpole, na upole wake ndio uliokuwa unamkausha Mama Pasi mate, kwa sababu mteja mwenye haraka unaweza kugombana naye, mwenye subira utamwambia nini?

Ziwa likafika kwa kinyozi. Kiti chake cha kuzunguka kikaonekana kinaelea barabarani, kinazunguka chenyewe. Akaja kusimama barazani kwa Mama Pasi, macho mekundu.

"Sina kitu tena, jirani. Watoto wanalala juu ya kabati. Mungu atupe jua."

"Amina," mdomo wa Mama Pasi ukasema. Moyo ukasema, inyeshe. Wazame wote, inyeshe.

Pamba ndani alikuwa anapungua. Siyo kukonda, kupungua, anakuwa mwembamba kama kitu kilichofuliwa mara nyingi. Bado alitania, "Dada, sasa hivi hata kuoga sihitaji," lakini sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea chini ya maji, na shuka lake lilinuka nanga.

Halafu, asubuhi moja, kimya. Mama Pasi alishtushwa na huo ukimya kama wengine wanavyoshtushwa na radi. Bati halilii. Kwenye tundu la msumari umepita mwanga mwembamba, wa njano.

Akaruka. Akafunga dirisha, akaziba tundu kwa sabuni, akaukinga mlango kwa meza ya kupigia pasi, akachota maji kwenye beseni akammwagia mdogo wake kichwani, akachota tena akamwagia, na nje watu wanapiga vigelegele, watoto wanakimbia, mtu anaimba, na yeye anachota anamwaga, anachota anamwaga, maji yanapita juu ya Pamba kama yanapita juu ya jani la mgomba bila kushika, na kola inaanza kuwa nyeupe, na mabega, na mikono ya shati inajinyoosha yenyewe bila pasi, mpaka beseni likabaki tupu na mvuke ukawa unampanda mdogo wake taratibu, na Pamba akafumba macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema, "Dada, sisikii baridi tena."

"Mama Pasi!" Kinyozi anausukuma mlango kwa bega, anacheka na kulia. "Fungua, jirani! Jua! Mungu katusikia!"

"Usifungue! Baba, usifungue, nakuomba!"

Lakini mtu mwenye furaha hasikii. Meza ikaburuzika, mlango ukafunguka, jua likaingia mpaka kwenye kiti. Na nyuma ya kinyozi, juani, amesimama yule mrefu, analowa, mahali pasipo na mvua.

"Limekauka," akasema. Safari hii hakuuliza.

Mama Pasi akapiga magoti. "Nichukue mimi. Mimi ndiye niliyemvalisha. Nichukue mimi, kaka."

Akamwangalia kwa huruma kabisa. "Wewe huna uzi."

Akampita. Akamshika Pamba mabegani kwa vidole viwili viwili, jinsi unavyotoa nguo kwenye kamba, akamkung'uta mara moja. Pamba hakupiga kelele. Alijikunja tu pale kiunoni, laini, na yule mtu akamlaza juu ya mkono wake, akamsawazisha kola, akatoka naye akielekea barabara ya chini.

Mama Pasi alimtazama kinyozi. Kinyozi alikuwa bado anajifuta machozi ya furaha.

"Huyo mteja wako kachukua shati zuri kweli," akasema. "Pamba yuko wapi, aje aone jua?"

Jua lilikaa wiki nzima. Ziwa likarudi nyuma, likaacha tope na harufu. Nguo za mtaa mzima zikakauka, wenyewe wakaja wakazichukua, kamba zikabaki tupu, na Mama Pasi akakaa katikati ya hizo kamba.

Siku mbingu zilipofunga tena, tone la kwanza lilipiga bati, kisha la pili, kisha yote. Akasikia mbio barazani. Mbio anazozijua toka mtoto anajifunza kutembea. Chup, chup, chup, chup.

Mlango ukafunguka. Amesimama pale, shati jeupe, maji yanamchuruzika puani, anacheka. Nyuma yake mtaa umejaa watu, warefu kwa wafupi, kimya, hakuna mwenye mwavuli, kila mmoja na bonge lake la nguo mbichi kifuani.

"Dada," Pamba akasema, "nimekuletea wateja."

Mama Pasi akavuta kisanduku cha uzi.