Kigoda cha Mzee Mayala

Kigoda kilikuwa na joto. Bundala alikishika asubuhi, alipofungua karakana yake pale Somanda, akadhani ni mkono wake wenye homa. Akashika meza ya kazi, baridi. Akashika randa, baridi. Akarudi kwenye kigoda, akaweka kiganja katikati ya kikalio, na joto lilikuwa palepale, joto linaloachwa na mtu mzima anapoinuka baada ya mazungumzo marefu. Akamsingizia paka, akaanza kazi.

Tusimcheke. Aliyechoka hana nguvu ya kuogopa mapema, na Bundala alikuwa amechoka kwa miaka. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Bariadi yalijaa vitu ambavyo juzi tu vilikuwa magendo, na jirani yake, Saidi wa dukani, alipanga barazani viti vya plastiki, vyekundu na vyeupe, kimoja juu ya kingine kama sahani. Wateja waliozoea kungoja kigoda msimu mzima sasa walisimama mlangoni wakiuliza, "Jumamosi kitakuwa tayari?"

Kigoda cha Kisukuma hakitaki haraka. Hakiungwi wala hakipigwi msumari. Miguu na kikalio hutoka kwenye gogo moja, na gogo lenyewe hupakwa mavi ya ng'ombe kwenye ncha zake, likalazwa kivulini mpaka maji yalitoke polepole. Ukiliharakisha linapasuka. Hayo Bundala alifundishwa na marehemu baba yake, pamoja na jambo jingine: kigoda cha mzee aliyekufa, kile ambacho warithi hukiweka nyumbani ili samva wao, mzimu wa mzee huyo, apate pa kukaa, fundi hukianza kwa kumtaja mwenyewe kwa jina.

"Ukishamwita, amekuja," baba alimwambia. "Usimwite mtu mzima halafu ukamsimamisha."

Sasa Kwandu, mtoto wa marehemu Mzee Mayala, alikuwa mnunuzi wa pamba, mmoja wa hawa wapya waliofunguliwa mlango na ruksa, na alitaka kigoda cha baba yake kabla pamba haijaanza kuingia. Bundala akachukua gogo bichi. Akamtaja Mayala, akachonga. Kigoda kikapasuka chini ya kikalio, ufa wa kuingia ukucha. Zamani angekipasua kuni. Safari hii alichanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba, akapiga msasa, akapaka vanishi mpaka kikang'aa kuliko vyote alivyowahi kuchonga; ndicho hicho alichokikuta na joto. Wala haikuwa mara ya kwanza. Tangu ruksa ianze alikuwa ameziba vingi vya marehemu kama hicho, na hakuna mteja aliyewahi kukigeuza kigoda atazame chini.

Baada ya joto ikaja harufu ya ugoro, naye Bundala hakuwa mnusaji. Kisha mchana mmoja, jua likiwa limewanyamazisha hata kuku, alikuwa ameinama akiranda ubao wa mlango aliposikia nyuma yake mti wa kigoda ukilia kwa kuelemewa, ukanyamaza, ukalia tena, kama mtu anayekaa, asiridhike, akainuka, akazunguka, akajaribu upande wa pili, na kila alipoinuka ilimtoka pumzi ndefu ya mzee aliyetembea mbali kwa miguu akafika nyumba isiyo na pa kukaa, na Bundala hakugeuka, aliendelea kuisukuma randa ingawa haikuwa ikikata kitu, maana aliona kwamba akigeuka asimkute mtu, itakuwa vibaya zaidi kuliko kumkuta.

Hatua zikatoka taratibu, zikashika njia ya nyumbani kwake, nyuma ya karakana.

Bundala akazifuata, akamkuta mkewe Minza amelala chali mkekani, macho wazi.

"Baba Shida," Minza alisema kwa sauti ndogo. "Nani huyu amenikalia?"

"Wapi?"

"Hapa kifuani. Mwambie ainuke. Ni mzito."

Tangu siku hiyo Minza hakuinuka vizuri. Hospitali walimpima, wakakuta mapafu ni mazima, wakampa dawa, akazimeza bila kubisha. Saidi akanong'ona kwamba hilo ni jini, akamleta shehe. Shehe aliposoma, uzito ulitulia kwa adabu kabisa. Alipovaa viatu, ukarudi. Bundala alikaa kizingitini akihesabu pumzi za mkewe, akiogopa ile itakayokosa mwenzake. Alimpenda, na alijua kosa ni la nani.

Mwishowe akamwita Nyanjige, mganga wa kike kutoka Kiloleli. Mama yule hakwenda kwa mgonjwa. Aliingia karakanani, akakigeuza kigoda, akakwaruza chini yake kwa ukucha mpaka gundi ikabanduka.

"Mwadila, mayu," Bundala alimsalimu kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama.

"Mwadila. Ulimwita wewe?"

"Nilimwita."

"Kwa jina?"

"Kwa jina, mayu."

"Basi si jini. Jini ningelifukuza. Huyu ni mgeni wako." Akakiweka kigoda chini. "Kila akikaa, ufa unamfinya. Amekwenda palipo laini."

"Nimchongee kingine?"

"Gogo moja, likauke lenyewe. Usizibe kitu."

"Gogo linakauka miezi, mayu. Minza hana miezi."

Nyanjige alimtazama sana. "Minza ana mume," alisema. "Na mume ana mgongo."

Bundala akaenda akasimama kando ya mkeka. "Mzee Mayala, baba yangu, mwache mtoto wa watu. Njoo ukae kwangu." Ugoro ukamjaa puani, na kitu kizito chenye joto kikampanda mabegani, kikajisogeza, kikatulia. Minza akavuta pumzi hadi mwisho, akalala usingizi.

Miezi ile watu walisema Bundala amezeeka ghafla. Alikula ameinama, akalala ameinama. Kwandu alikuja akiwa amekasirika.

"Fundi, si hiki hapa kinang'aa? Kina kasoro gani?"

"Kina ufa."

"Mimi siuoni."

"Baba yako anauona."

Kwandu akacheka, kisha akasikia harufu ya ugoro wa baba yake, akaacha kucheka.

Gogo lilipokauka, Bundala alichonga kwa tezo, bila kuharakisha pigo hata moja. Upande wa juu ulimchukua muda mfupi. Chini, mahali ambapo jicho la mteja halifiki, alikaa napo siku nyingi, akipapasa kwa kidole na kurudia, mpaka chini pakawa laini kama juu. Hakupaka vanishi. Alasiri moja akakiweka sakafuni.

"Karibu, mzee."

Mti haukulia. Uzito ukamtoka mabegani, na Bundala akanyoosha mgongo, akalia machozi bila kuona haya. Uani Minza alikuwa akisonga ugali, mzima, akiimba.

Machozi hayajakauka, harufu ya maziwa mgando ikaingia mlangoni. Zikafuata hatua za kuburuta, za bibi kizee, na nyuma yake mtu akakohoa, na nyuma ya huyo mwingine, wazee wengi waliochoka kusimama, wakiwa wametoka kila nyumba alikowahi kuuza vigoda vya haraka, na zile hatua za mbele hazikusimama karakanani, ziligeuka kuelekea uani, kwenye sauti ya Minza.

Bundala akaruka akaziba njia. "Hapa, mama," alisema upesi, akainama. "Kaa hapa kwanza."

Bibi akakaa. Hakuwa mwepesi hata kidogo.

"Baba Shida," Minza aliita, "umemaliza? Ugali unapoa."

"Bado," Bundala akajibu. "Wewe kula."