Sauti Asilimia Mia

"Nani ameigusa sauti ya mashine yangu?"

Vichwa vyote sita viliendelea kuinamia kibodi, kana kwamba swali limeulizwa na feni.

Aliyeuliza alikuwa binti ambaye ofisi nzima ilimwita Wakili, kwa jinsi asivyokubali kushindwa kwa maneno. Kazi yake ilikuwa kuvaa hedifoni, kusikiliza kesi zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno. Jana yake jioni aliiacha sauti kwenye thelathini. Asubuhi hii kawasha, kavaa, kabonyeza, na hakimu akamfokea ndani ya ubongo kwa asilimia mia. Sikio la kushoto likabaki likipiga mluzi.

"Hizi kompyuta za Linux hazina longolongo," alisema Fundi wa kompyuta, jicho lake kwenye simu. "Ukizima, inaandika kiwango cha sauti kwenye faili. Ukiwasha, inakisoma na kukirudisha. Umekuta mia kwa sababu uliacha mia. Au una jini mpenda ngoma?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Niliacha thelathini, Fundi. Na sikio si spea, kwamba likifa nitakwenda dukani kununua jingine."

Siku ya pili, mia. Siku ya tatu, mia, na ndani ya hedifoni, upande wa kushoto, akakuta kipande cha pamba kinachonuka dawa ya masikio. Alikishika kwa ncha za vidole. Kilikuwa na vuguvugu, kama kimechomolewa sikioni dakika hiyo hiyo.

Kila mtu pale aliijua ile pamba. Kabla ya Wakili, kiti kile kilikaliwa na Mama Taipu, dada wa makamo aliyemfundisha kazi. Alilalamika kwa mdomo na kwa barua kwamba mashine inampasua masikio, akaambiwa anadeka. Akaanza kuziba pamba. Akaanza kukosea maneno. Bosi akamfukuza kwa uzembe, na jioni ile ile, akivuka barabara, lori likampigia honi ndefu na yeye hakugeuka. Watu wakasema alikuwa na mawazo. Mawazo gani! Alikuwa hasikii, na uziwi huo aliupatia hapa hapa, saa za kazi.

Siku ya nne, saa saba mchana, wenzake wakiwa wametoka kula, Wakili aliwasha mashine na kushusha sauti mpaka ishirini kabla hajavaa chochote, na akiwa bado anaitazama ile alama ya spika ikaanza kupanda yenyewe, thelathini, hamsini, themanini, polepole kama mtu apandaye ngazi kwa magoti mabovu, na feni ikasimama ingawa umeme ulikuwepo, na harufu ya dawa ikajaa chumba, na kutoka kwenye hedifoni zilizolala mezani, wakati hakuna rekodi iliyofunguliwa, ikatoka pumzi, kisha sauti aliyoijua, ikisoma kama karani asomaye jalada, "Bosi, sauti iko juu, barua ya kwanza, Bosi, sauti iko juu, barua ya pili," na vidole vya Wakili, kwa mazoea ya kazi, vikawa vinaandika kabla kichwa hakijaamua kukimbia.

Barua saba. Tarehe saba. Zote, sauti ilisema, zimo kwenye droo ya Bosi.

Fundi alirudi, akasoma kurasa zile kwenye kioo cha kompyuta.

"Dada'angu, funga mlango," alinong'ona.

"Mlango uache. Sema."

"Bosi ndiye aliyeniagiza. Niliweka amri: kila mashine ikiwaka, sauti ipande mpaka mia na isishuke, ili akipita koridoni asikie hedifoni zikivuma, ajue watu wanafanya kazi. Masikio ya watu sikuyawaza. Lakini siku ya mazishi ya Mama Taipu niliifuta, naapa. Tazama."

Alifungua faili la amri za kuwashia. Tupu. Akafungua lile la kuhifadhi sauti. Lilihifadhiwa jana jioni, dakika tano baada ya swichi kubwa kuzimwa na ofisi kufungwa. Aliyelihifadhi aliandikwa kwa jina la Mama Taipu.

"Na akaunti yake niliifuta pia," alisema Fundi, kama anayejisemea. "Tutafute mtu wa kumfukuza huyu."

"Afukuzwe mara ngapi?"

Wakili aliinuka kwa hasira. Aliingia ofisi ya Bosi, akavuta droo ambayo kila mtu aliogopa hata kuitazama. Bahasha saba zilikuwa humo, gundi yake haijaguswa.

Alipotoka nazo, Bosi alikuwa amesimama mbele ya mashine.

"Kelele gani hizi? Wewe Wakili, wiki nzima kasi yako imeshuka. Endelea hivyo hivyo, utamfuata mwenzako."

"Hizi barua ulizisoma?"

Bosi alitazama bahasha, akatazama ukutani. "Barua gani? Watu hapa wanaandika mambo mengi."

Fundi alirudi nyuma hatua mbili. Kwenye kioo alama ilikuwa imepita mia, ikawa mia na ishirini, mia na arobaini, na hedifoni zikawa zinatikisika mezani. Sikio la kushoto la Wakili, lililopiga mluzi siku nne, likaacha mluzi ghafla, likasikia vizuri.

Alivuta kile kiti, akakigeuzia upande wa Bosi.

"Kaa, Bosi. Tafadhali, vaa hedifoni."