Doa la Bamba la Saba

Doa lilionekana kwanza kwenye chapa ya tatu. Lilikuwa dogo kama punje ya dengu, chini kabisa ya picha, pale ambapo wachongaji wa zamani waliandika maelezo yao. Mzee Nicanor, mchapaji, aliinua karatasi mbichi kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani, akasonya.

"Huyu mama wa kwenye bamba leo kaamka na mguu wa kushoto."

"Labda ni kitambaa, Mzee," alisema Jimena bila kuinua uso.

"Kitambaa? Binti, nimepangusa wino kwenye shaba miaka arobaini na miwili. Kitambaa kinanijua kuliko mke wangu."

Jimena alicheka. Kicheko kilimtoka kikavu, akajifanya anapanga karatasi.

Karakana yao ilikuwa karibu na mto, chini ya ukuta wa mji wa Zamora, na kiangazi kile ilikuwa na kazi moja tu: kuchapa upya mabamba kumi na mawili ya shaba yaliyochongwa miaka mia mbili na arobaini iliyopita, kwa ajili ya maonyesho ya Septemba. Jimena ndiye aliyeandika maelezo ya kila picha. Alihesabu hata vifungo vya viatu. Kwenye picha ya muuza maji ungejua mtungi ulibebwa bega gani. Kwa wafuaji wa mtoni ungejua nani alikuwa na sabuni na nani alisugua kwa majivu. Mji mzima wa zamani ulikuwa mle ndani, ukiishi.

Bamba la saba lilionyesha adhabu. Mwanamke amepandishwa punda, amevuliwa nguo hadi kiunoni, amepakwa asali na kubandikwa manyoya ya kuku, anazungushwa mitaani kwa kosa la ukuwadi. Watu wanamcheka. Baba mmoja amembeba mwanawe mabegani ili aone vizuri. Na chini, kwa herufi ndogo safi, mchongaji aliandika: Casilda Berzosa, wa Mtaa wa Wafinyanzi.

Jimena pia alikuwa Berzosa. Mama yake aliishi mtaa uleule, nyumba ileile waliyoirithi kizazi kwa kizazi, na alikwisha waalika majirani wote pamoja na kwaya nzima ya parokia waje waone kazi ya binti yake msomi.

Alhamisi, wenzake walipokwenda kula, Jimena alichukua kikwangulio akalifuta lile jina. Halikuchukua hata dakika kumi. Lakini shaba ikikwanguliwa huacha kibonde, na kila mwanafunzi wa karakana anajua kwamba lazima uligeuze bamba na kuligonga kwa nyuma, taratibu, mpaka uso ulingane tena. Usipofanya hivyo kibonde hushika wino, na hakuna mkono utakaoupangusa. Jimena alilijua hilo vizuri. Ila alisikia hatua mlangoni, akalirudisha bamba rafuni, na Ijumaa ikafika kabla hajapata nafasi.

Sasa angeweza kusema. Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwa mzee. Akaendelea kupanga karatasi.

Kufikia chapa ya kumi, doa lilikuwa kubwa kama kidole gumba. Hapo ndipo Jimena alipoziacha karatasi, kwa maana kibonde cha shaba hakikui. Na karakana, ambayo siku zote ilinuka mafuta ya kitani na karatasi mbichi, ilikuwa na harufu nyingine. Asali. Asali iliyopashwa moto, na chini yake uvundo wa banda la kuku.

Bwana Evelio, msimamizi, alizipanga chapa mezani moja baada ya nyingine.

"Nicanor, nionyeshe mkono."

"Mkono una nini?"

"Nionyeshe tu."

Mzee alinyoosha kiganja cheusi kwa wino. Kilikuwa kimetulia kabisa, mpaka alipoona wote wawili wanakitazama, hapo kikatetemeka.

"Karatasi nane zimeharibika," alisema Bwana Evelio kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Nenda nyumbani, rafiki yangu. Tutamwita mtu kutoka Salamanca."

Nicanor alimgeukia Jimena. "Binti, wewe una macho. Napangusa vibaya?"

"Sijui, Mzee," alisema Jimena.

Mzee alinawa mikono kwa muda mrefu sana, akavua aproni yake, akaikunja mara nne, akaondoka nayo.

Saa tisa alasiri siku hiyohiyo, mji ukiwa umefunga madirisha na kulala kwa sababu ya joto, Jimena alirudi peke yake na nyundo ndogo. Angeligonga bamba, doa lingekwisha, mzee angerudi, na hakuna ambaye angejua. Alililaza kifudifudi juu ya sufi. Akagonga mara moja. Nje, juu ya mawe ya barabara, kwato zikajibu mara moja.

Akasimamisha mkono. Kimya. Akagonga tena, na kwato zikapiga tena, karibu zaidi, kisha zikaendelea zenyewe bila kungoja nyundo, polepole, kama mnyama anayeongozwa kwa kamba, na nyuma ya kwato zikaja sauti za watu wengi wanaocheka kwa pamoja, wanaume na wanawake na watoto, kicheko cha sikukuu kisicho na haraka, kikapanda mtaa ule ambao Jimena aliuona mweupe na mtupu kupitia upenyo wa dirisha, kikaingia ndani pasipo mlango kufunguka, kikamzunguka, na harufu ya asali ikawa nzito mpaka akaionja kwenye meno, na aliposhika shingo yake ili apumue alikuta ngozi inanata, na kwenye mnato ule, umebandikwa kwa nguvu kana kwamba umeota pale, unyoya mmoja.

"Niite," sauti ya mwanamke ilisema sikioni mwake, taratibu. "Wewe jina langu unalijua."

Jimena alikimbia mpaka kwa shangazi yake bila kuchukua viatu alivyokuwa amevivua.

Shangazi huyo, Visitación, aliwaagua watu wa mtaa kwa maji na mafuta ya zeituni, na Jimena, tangu aende chuo kikuu, alikuwa akimwonea haya. Shangazi hakumkumbusha. Alidondosha tone la mafuta kwenye sahani ya maji. Tone halikuelea. Lilizama kama jiwe.

"Huyu anayekufuata, umemfanya nini?" alinong'ona.

Jimena akaeleza yote.

"Mimi simwezi," alisema shangazi. "Pepo wa chuki ningemfukuza. Huyu ni wa aibu. Watu walimcheka mchana kweupe, wakamwachia jina tu. Wewe ukamnyang'anya jina, ukakiacha kicheko. Na yule mzee?"

"Yuko kwake."

"Basi anzia hapo. Kaseme mchana, machoni pake. Usiniletee machozi mimi."

Jumamosi mchana aliwakuta Nicanor na mkewe, Bi Obdulia, wanakula supu ya dengu. Ile aproni ilikwisha katwa vipande. Kimoja kilikuwa chini ya sufuria. Jimena alisema akiwa amesimama. Alisema lote, hata lile "sijui".

Mzee aliweka kijiko chini.

"Nilikwisha amini," alisema. "Jana nilimwaga kahawa. Nikajiambia, ndiyo hivyo, mkono umekwisha. Nikaamini kabisa."

"Na wewe ulikuwa palepale, unamtazama?" aliuliza Bi Obdulia.

"Nilikuwa palepale, mama."

Hakuna aliyemwambia aketi.

Jumatatu alirudia maneno yaleyale mbele ya Bwana Evelio. Hakufukuzwa. Aliambiwa alilinganishe bamba, alichonge jina upya kwa mkono wake, herufi kinyumenyume kama shaba inavyotaka, na kosa lake aliandike ukutani chini ya picha, asome kila atakayekuja. Jimena alikubali. Alichonga siku tatu. Harufu ya asali ilififia, na siku ya tatu haikuwepo kabisa.

Nicanor alikuja kuchapa, akiwa na aproni mpya. Alipaka wino, akapangusa kwa kitambaa, kisha kwa kiganja, taratibu, akiliambia bamba maneno ya utani kama zamani. Mashine ikazunguka. Akaishika pembe ya chini ya karatasi, akaifunua kidogo.

Casilda Berzosa, wa Mtaa wa Wafinyanzi. Safi. Hakuna doa.

"Ona!" alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Mkono si huu?"

Akaifunua karatasi yote, akaipeleka dirishani. Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini machoni likaondoka.

Watu walikuwepo, vinywa wazi. Baba alikuwepo, na mtoto mabegani. Punda alikuwepo, na kamba yake. Lakini mgongoni pa punda, alipokuwa amekaa Casilda, palikuwa peupe, karatasi tupu.

"Binti," aliuliza Nicanor, bila hasira hata kidogo. "Umemkwangua na yeye?"

Jimena alifumbua kinywa. Bwana Evelio alikuwa amekwisha geuka, anavitazama vidole vya Jimena, ambavyo bado vilikuwa na unga wa shaba.